Soksi wa Munyiva

Siku hizi fundi wa nguo ana duka na kibao. Munyiva alikuwa na veranda, cherehani ya miguu na mbwa. Ukitaka kushonewa pale Riruta, mwaka wa hamsini na saba, ulisimama nje ya ua wa michongoma ukaita, "Shika mbwa!" Sisi majirani tuliamka kwa wito huo, na hadi leo naukumbuka kuliko kengele ya kanisa.

Mbwa aliitwa Soksi kwa ajili ya miguu yake myeupe. Marehemu mume wa Munyiva ndiye aliyemleta akiwa mdogo, ndani ya mfuko wa koti, na sasa nyumba haikuwa na mtu mwingine. Chini ya cherehani, Soksi alilalia gunia lililojaa vipande vya kila kitambaa Munyiva alichokata. Ndiyo maana aliyevaa nguo ya Munyiva alitikisiwa mkia, na aliyevaa ya duka alibwekewa mpaka akome.

Mama Wahome, mwenye ploti tuliyopanga sote, alinunua nguo zake mjini kwa Wahindi. Alikuwa na maringo yake, lakini mbele ya mbwa alitetemeka. Alipoleta satini ya harusi ya binti yake Muthoni, Soksi alimrudisha barabarani na kiatu kimoja.

"Munyiva, chagua," alisema kutoka ng'ambo ya ua. "Hiyo mbwa iende, ama wewe uhame."

"Sawa, Mama Wahome."

Munyiva aliikata satini ile, akatia mabaki guniani kama kawaida, kisha Jumapili akampeleka Soksi na gunia lake hadi Kabiria, kwa binamu yake Kilonzo. Jioni hakupika. Nilimpelekea uji, akaniambia, "Nikikanyaga cherehani, mguu unamtafuta." Nilikasirika kwa niaba yake, maana yeye kukasirika hakujua.

Siku ya harusi tulimsindikiza Muthoni kwa nyimbo, tukapitia Kabiria. Kwa Kilonzo, Soksi akaruka ua. Mama Wahome akajificha nyuma ya kwaya. Mbwa alinusa pindo la gauni, akatulia, akatembea kando ya bibi harusi kama shemeji aliyealikwa. Walimfukuza, akarudi kwenye satini. Mlangoni mwa kanisa ndipo Munyiva, aliyekuja nyuma kabisa, alipomwita kwa sauti ndogo. Soksi aliliacha gauni. Munyiva akapiga magoti vumbini na rinda lake la Jumapili, akalia mbele ya watu wote.

Mama Wahome alitazama, akakohoa.

"Si ungeniambia unampenda hivi, Munyiva. Rudi na yeye nyumbani. Na unishonee nguo, ndio anizoee."

Alishonewa ya buluu. Hata hivyo, mpaka tulipohama Riruta, alikuwa akisimama barabarani amevaa buluu yake na kuita, "Shika mbwa!" huku Soksi amelala verandani, akimtikisia mkia. Ningependa sana kuusikia wito ule tena, asubuhi moja tu.