Gari Linalomzoea Ndaki

Ndaki ni mtani wangu, kwa hiyo nitamsema. Yeye Msukuma, mimi Msagara wa hapa hapa Kilosa, na watani hawaombani ruhusa. Jina langu Mwanakheri. Nauza ubwabwa na maharage upande wa soko unaotazama stesheni, na katika mji huu mtu mwenye aibu zake lazima siku moja akae kwenye benchi langu.

Alikuja na ng'ombe toka kwao Usukumani, yeye na mkewe Letisia, wakashukia bondeni wakalima na kufuga. Kazi alifanya, sikatai. Ila ng'ombe walipozaana, Ndaki akaanza kuitikia salamu kabla hajasalimiwa. Akinikuta nalisha kuku wangu ananiuliza, "Mtani, ninyi mwenye kuku mmoja naye mnamwita mfugaji?" Namjibu angalau kuku wangu anaoga. Tunacheka, anakula, anaondoka. Ndiyo utani wenyewe, haudhuru mtu.

Kisha ikaingia ruksa, serikali ikafungua milango ya biashara. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tukaanza kuona sokoni kila kitu: redio, viatu vya kuchongoka, masuruali ya mitumba, kafa Ulaya, yanayomwagwa juu ya turubai. Kila mwenye vijisenti akataka kitu kilichopanda meli. Ndaki hakutaka suruali. Alipeleka ng'ombe mnadani Dumila, wale wanono, akaenda Dar es Salaam, na baada ya muda tukasikia ana gari. Pikapu nyeupe, mtumba wa Japani.

Jinsi alivyolichagua alinisimulia mwenyewe, tena kwa majivuno. Alilizunguka, akayapiga matairi teke, akalifungua boneti akachungulia ndani vile anavyochungulia meno ya fahali, akalisikiliza linavyonguruma. Akaridhika. Nikamuuliza, "Na breki uliangalia?" Akanitazama kwa huruma. "Lilikuwa limesimama, mtani, breki za nini?"

Dereva wa yule aliyemuuzia ndiye aliyelileta mpaka Kilosa. Nilikuwepo. Alilisimamisha kwa kulipandisha kwenye lundo la mchanga wa watu waliokuwa wanajenga, akashuka shati limelowa jasho, akampa Ndaki ufunguo na kukimbilia treni. Nikamwita, "Kaka, njoo unywe chai, leo ni bure!" Thubutu. Hakugeuka hata shingo. Mtu katoka Dar es Salaam na vumbi lote lile anakimbia chai ya bure? Nikasema moyoni, hapa kuna jambo.

Ndaki alijifunza kuendesha kwenye trekta la shamba la mkonge, na trekta ukiachia pedali ya mafuta linasimama lenyewe kwa uvivu. Akaingia kwenye pikapu na elimu hiyo hiyo. Akaanza kubeba mahindi na watu kati ya Kilosa na Mikumi, njia ile ya vilima na makorongo, na Letisia kiti cha mbele. Tukadhani anamstarehesha mkewe. Loo! Ndani ya siku chache soko zima likajua Letisia yumo humo kwa ajili gani. Miguuni kwake kulikuwa na jiwe, jiwe hasa, la kuinua kwa mikono miwili. Ndaki akitaka kusimama alikuwa anapunguza gia, anakanyaga pedali mfululizo kama anaponda mtama, anapiga honi, na gari likishalegea kidogo Letisia anaruka na jiwe lake, anakimbia sambamba na tairi, analitupia mbele. Gari linagonga, linatikisika, linatulia. Ndaki anashuka taratibu, anapangusa miwani.

Nikamwambia mbele ya watu, "Mtani, mwenzio breki yake iko chini ya mguu, wewe ya kwako inaitwa Letisia." Benchi zima lilicheka mpaka mtu akapaliwa na maharage. Ndaki naye alicheka.

"Gari geni hili," akasema. "Bado linanizoea."

"Lipeleke kwa fundi likuzoee haraka."

"Nani? Mimi?" Akashusha sauti. "Ukinunua dume leo, kesho ukaonekana nalo kwa bwana mifugo, watu watasemaje? Watasema Ndaki kauziwa ugonjwa."

Basi ndiyo siri yenyewe hiyo. Mbele ya gereji ya Onesphory, fundi pekee niliyekuwa namwamini, ndipo wafugaji wenzake wanapokaa kunywa pombe siku za mnada. Ndaki alikuwa radhi mkewe akimbizane na tairi kila siku ya Mungu kuliko wanaume wale wamwone kalisimamisha gari pale. Na aliwahi kumcheka mmoja wao kwa kuuziwa ng'ombe tasa, akamcheka mwaka mzima! Sasa zamu yake ingekuja, na alijua.

Siku moja Letisia alikuja kwangu anachechemea. Akakaa, akavua kandambili. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, ukucha haupo, na juu ya unyayo alama ya tairi imekaa wazi kabisa. Nikamtengenezea maji ya moto na chumvi. 

"Gari lilikuwahi?"

"Niliteleza, dada. Kulikuwa na tope." Akaingiza mguu majini, akakunja uso. "Liligusa tu."

"Liligusa tu! Siku litakapokugusa kifuani utaniambia nini? Letisia, waambie watu. Mwambie mzee Cleopa, ana ukoo na ninyi, Ndaki anamsikiliza."

Akatikisa kichwa. "Wewe ukisema, wanacheka. Mimi nikisema, nimemvua nguo mume wangu sokoni. Nitarudi kulala wapi?"

Nikaenda kwa Cleopa mwenyewe. Ni mzee wa kanisa, mtu wa busara, Ndaki anamwita baba mdogo. Nikapiga magoti, "Shikamoo, mzee Cleopa." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza yote: jiwe, mguu, njia ya Mikumi. Nilieleza vizuri, bila mzaha hata chembe, machozi yananilengalenga. Yule mzee akasikiliza mpaka mwisho, mabega yakaanza kumcheza, akacheka mpaka akashika fimbo. "Ninyi Wasagara!" akasema. "Mmefika mpaka kulia? Safari hii utani wenu mmeupika ukaiva!" Akamwita mkewe aje asikie. Akanipa na ndizi.

Niliondoka na ndizi zangu nimechoka kabisa. Ndipo nilipoona ubaya wa kuwa mtani wa mtu. Ukimwambia nyumba yake inaungua, anadhani unamtania. Kadiri nilivyosema ndivyo walivyocheka, na kadiri walivyocheka ndivyo Ndaki alivyoona mambo ni shwari, maana neno limeshakuwa mzaha wa mji, na mzaha hautengenezwi gereji. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nilikuwa namfichia. Iliniuma sana.

Ukaja msiba. Mzee Seni, mjomba wake Ndaki, alifariki kule Mikumi, na watani tukaitwa, kwa sababu msiba bila watani umepooza. Mimi nikaenda kwa basi. Ndaki alinikaribisha kwenye gari lake, nikamwambia msiba mmoja unanitosha.

Nyumba ya marehemu ilikuwa juu ya mwinuko. Njia ya makaburini inashuka moja kwa moja mbele ya mlango, inakwenda kuishia kwenye korongo la mawe, na makaburi yako pembeni ya korongo hilo. Ndaki alikuwa ameligeuza gari limeelekea chini, jiwe limekaa mbele ya tairi. Watu wakapakia jeneza nyuma, wakapanda wazee kulizunguka, Cleopa akiwa wa kwanza. Nyuma yao wakapanda kina mama wawili wasioweza kutembea. Na Ndaki kakaa kwenye usukani na miwani yake, kidevu juu, kwa sababu leo ng'ombe wake wa chuma anamzika mjomba.

Mimi nikautazama ule mteremko mpaka chini korongoni. Pale Letisia asingeweza kukimbia akalitangulia tairi, na mguu ule. Angejaribu, namjua. Angejaribu na angekufa mbele yetu.

Nikafungua kanga yangu ya juu, nikaitandika katikati ya njia, hatua chache mbele ya boneti, nikakaa na kunyoosha miguu.

Vigelegele! Watani wenzangu wakadakia, watu wakaja mbio kutazama. Ndiyo desturi, mtani akizuia msiba anapewa kitu anapisha. Mtu akaniletea kuku. Nikamrudishia.

"Sitaki kuku. Mmenizoea na kuku," nikasema. "Namtaka Ndaki. Anasema gari lake zima. Basi jiwe litolewe, aje nalo mpaka hapa, asimame mbele ya magoti yangu. Akisimama, nitamwita bwana mkubwa mpaka nife. Nasi tutamzika Seni kwa heshima."

Watu walilipuka. "Mwonyeshe, Ndaki! Mwonyeshe Msagara!" Cleopa naye huko nyuma anapiga fimbo yake kwenye bodi, anacheka. Ndaki alicheka meno yote nje, lakini nilikuwa karibu, niliuona mdomo wake unavyokauka. Alinitazama mimi, akawatazama wale wafugaji wenzake waliosimama pembeni wamefunga mikono. Nikadhani atashuka. Wallahi nilidhani atashuka, atasema limekataa kuwaka, atasema tumbo linamuuma, mtu ana uongo wa kila namna wa kujiokoa.

Akawasha gari. Akatoa kichwa dirishani.

"Letisia! Toa jiwe!"

Niliogopa, nisiseme uongo.  Lakini sikulitazama gari, nilimtazama Letisia. Alikuja akichechemea, akainama, akashika jiwe kwa mikono miwili. Watu wanapiga makofi. Akakaa hivyo, ameinama, mikono juu ya jiwe, mpaka makofi yakaanza kupungua yenyewe.

"Toa basi!"

Letisia akanyooka. Mikono mitupu.

"Sitoi."

"Nini?"

"Sitoi jiwe." Hakumwangalia mumewe. Aliwaangalia wazee waliokaa na jeneza. "Baba zangu, shukeni. Gari hili halina breki. Halina tangu siku lilipokuja."

Hakuna aliyecheka. Mimi nililisema neno hilo hilo sokoni, barabarani, kwa Cleopa, miezi na miezi, nikapigiwa makofi. Letisia si mtani wa mtu. Niliwaona wanavyolitazama lile tairi, kisha jiwe, kisha ule mguu wake uliofungwa kitambaa, wanaviona kwa mara ya kwanza vitu walivyovicheka kila siku. Cleopa alisimama kwa kujishikilia kwenye jeneza. "Mwanangu," akaniambia mimi, si Letisia, "kumbe ulikuwa unalia kweli?" Nikageuza uso. Ningemjibu ningemtukana, na yule ni mzee.

Ndaki alikuwa amezima gari. Sauti ilimtoka nyembamba, ya mtu anayetafuta mahali pa kujificha mbele ya watu wote.

"Sasa mke wangu, jamani, mbona hukuniambia?"

Letisia akageuka, akamtazama sasa.

"Nilikuambia, Ndaki. Siku ya kwanza kabisa, tunashuka kwenye daraja, watoto wetu wamelala mapajani kwangu. Nilikuambia baba, hili gari halisimami, tutakufa. Ukaniambia shuka ukatafute jiwe."

Wazee wakaanza kushuka mmoja mmoja, wakishikana mikono. Vijana wakalichukua jeneza begani. Letisia akaingia katikati ya kina mama, mmoja akampa bega la kuegemea, wakateremka polepole kuelekea makaburini. Nami nikainuka, nikaikung'uta kanga yangu, nikawafuata. Ndaki alibaki ndani ya gari ameshika usukani, na hakuna aliyemwambia ashuke.