Fimbo ya Mchangani, Fimbo ya Majabalini

Juzi mtoto wa mama mkubwa alishuka Uvira kutoka Bwegera, akaniomba nimsindikize hadi madukani Kimanga amnunulie binti yake fimbo ya kuvulia samaki. Nikaenda kwa moyo mweupe kabisa. Mwenye duka akatutolea fimbo za siku hizi, nyeusi, zinang'aa, akaisifu ile ndefu kuliko zote: "Mama, hii iko solide, haivunjike, iko inatupa mbali sana." Ndugu yangu akabana kitako cha fimbo kwapani, akaniomba niibonyeze ncha, akafumba macho kusikiliza inapindia wapi.

"Apana," akasema. "Hii iko ya muchanga. Utupatie yenye inapindia ku ncha."

Rafiki yangu, damu ilinichemka. Mtu wa mashamba ya mpunga anifundishe fimbo mimi, niliyezaliwa nikisikia mawimbi ya ziwa! Na mkao ule wa kufumba macho haukuwa wake, ulikuwa wa Tate. Nina wajukuu, meno mawili yamekwisha kung'oka, lakini pale dukani nilimwonea wivu kama mtoto wa darasa la tatu.

Tate ndivyo tulivyomwita babu yetu, baba wa mama zetu. Alikuwa mtu wa misa, wa maneno machache, na pua yake ilinusa samaki kabla sisi hatujaona maji yakitikisika. Mianzi yake iliteremka kutoka milimani juu ya mji. Aliipaka mawese, akaipitisha motoni ili inyooke, kisha akaining'iniza juu ya mafiga ya nyanya, mkewe, ikale moshi mwaka mzima. Nyanya alinung'unika kila siku kwamba mianzi inamdondoshea masizi kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na kweli sombe yake ilikuwa na ladha ya moshi ambayo sijaipata tena kwa mpishi yeyote.

Ilipokaribia vakansi kubwa, Tate alitupima. Kwanza anaibana fimbo mwenyewe, macho amefumba, kusikiliza inapindia wapi; kisha unaibana wewe kwapani, yeye anabonyeza ncha, anatazama mkono wako, siyo fimbo. Akisharidhika, anachomoa uzi kwenye nguo yako mwenyewe na kuufunga kitakoni mwa mwanzi. Uzi ukishafungwa haufunguliwi mpaka shule zianze tena. Hiyo ilikuwa sheria, na hata kaka zangu wakorofi waliiogopa.

Mwaka ule ndugu yangu wa Bwegera aliletwa kwetu mara ya kwanza. Alikuwa mdogo kwangu kwa mwaka mmoja, hajui kuogelea, wimbi likimgusa vidole anapiga kelele. Na Tate akachomoa uzi mwekundu kwenye shati la mgeni huyo, akaufunga kwenye fimbo ndefu! Ile ndefu, iliyonyooka, ya rangi ya asali, niliyoiangalia mwaka mzima nikipuliza moto wa nyanya, machozi ya moshi yakinitoka. Mimi, uzi wa bluu wa sketi yangu ya shule ukaenda kwenye fimbo fupi, ngumu, yenye vifundo kama goti la mzee.

Sikula siku ile. Ndagala za kukaanga, dagaa wetu wa ziwani, zilinukia uani, nyanya akaniita mara mbili, nikasema nimeshiba. Nimeshiba nini? Wivu! Niliwaza: mgeni wa juzi ndiye amependwa, na mimi ninayemchotea maji ya kunawa kila asubuhi nimepewa kijiti cha kufukuzia mbuzi.

Jumapili nikajifanya tumbo linaniuma. Walipokwenda misa wote, nikapanda juu ya kinu, nikafungua nyuzi, nikazibadilisha. Moyo ulicheka.

Jumatatu Tate akateremsha mianzi. Akapitisha kidole gumba kwenye uzi mwekundu, kisha kwenye wa bluu. Alikuwa na fundo lake la kivuvi, na mimi nilikuwa nimefunga kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Akanitazama. Nikatazama kuku. Akasema polepole, "Basi. Kila mutu achukue yenye uzi wake."

Nikaikumbatia fimbo ndefu. Furaha yangu haikufika hata ufukweni. Tate akamgeukia ndugu yangu: "Weye mwenye fimbo fupi, kuya na minye ku majabali, nitakufunga kamba ku kiuno. Wengine mutabakia ku muchanga."

Hakuna mtoto aliyewahi kupelekwa majabalini. Huko kuna kuhe, samaki mkubwa anayekimbilia chini ya jiwe ukichelewa kumwinua, ndiyo maana fimbo yake ni fupi na ngumu. Ile ndefu ni ya kurusha chambo nyuma ya mawimbi, mahali ambapo mtoto asiyejua maji hawezi kuteleza. Tate alikuwa amepanga mwaka mzima kunisimamisha kando yake. Na mimi, kwa mikono yangu hii, nilimpa mwenzangu nafasi hiyo.

Vakansi nzima nilivua visamaki vya mchangani. Nilisikia Tate akicheka kule juu, yeye asiyecheka, na ndugu yangu anarudi na kuhe mrefu kama mkono wake, pamoja na hadithi ambazo hakuna mjukuu mwingine aliyewahi kuzisikia. Nilimchukia, nasema kweli. Kabla ya vakansi iliyofuata, tulimzika Tate.

Tulipotoka dukani, tukapita kando ya ziwa. Miaka hii maji yamepanda, yamekula nyumba za watu na kuyafunika majabali yetu, huwezi hata kuonyesha kwa kidole yalikuwa wapi. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Ile fimbo yako ilikuwa yangu. Ni minye nilibadilisha nyuzi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Yaya, dada yangu, Tate alijua tangu siku ya kwanza. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza: dada yako hajasema kitu? Tena ananiambia: akisema tu, weye utarudi ku muchanga, yeye anakuya huku." Kisha akaacha kucheka. "Minye nilikuwa ninaomba Mungu usiseme."

Kutoka mchangani hadi majabalini hazikuwa hata hatua hamsini. Tate alikuwa amesimama pale akiningoja, asubuhi baada ya asubuhi, na mimi kwa wivu nilikuwa nimempa mgongo.