Neema Mwenye Ndevu

Nakumbuka Jumamosi moja kule Temeke, mwanangu, mwanamume mwenye ndevu aliposukuma mlango wetu bila hodi, akaniambia, "Mie ndiye Neema."

Neema nilimjua! Msichana wa kidato cha pili kama mimi, anakaa Segerea, anaogopa hesabu. Tulikuwa tukiandikiana kwenye kompyuta za duka la intaneti lililofunguliwa mtaani, miaka ile ya tisini vitu vipya vilipokuwa vikiingia mjini kila kukicha. Mama alinipeleka pale nijisomee baolojia, akaniacha kama unavyomwacha mtoto madrasa: unamkabidhi, unakwenda zako. Ila madrasa kuna mwalimu. Pale ilikuwapo mashine tu, na nyuma yake dunia nzima.

Neema aliuliza, nikajibu. Nyumba yenu ipi? Ya mlango wa buluu, nyuma ya msikiti. Jumamosi nani yupo? Mie tu, mama yuko kazini, bibi huenda sokoni. Akaandika, "Usimwambie mtu, nitakuja." Nikanyamaza, nikidhani huo ndio urafiki.

Bahati siku hiyo mguu ulimuuma bibi, hakwenda sokoni. Alitoka uani na mwiko mkononi.

"Neema gani una ndevu?"

"Shikamoo bibi. Mie rafiki yake..."

"Shikamoo yako kaa nayo! Hodi hujapiga, jina la msichana umejipa. Subiri niwaite wanaume wa msikitini, nao wamwone Neema."

Yule mwanamume hakusubiri. Alikimbia, ndara moja ikabaki kizingitini.

Mama aliporudi akaapa sitagusa kompyuta tena. Bibi akamwambia, "Mtoto akijikwaa humkati miguu. Unamshika mkono." Jumamosi iliyofuata alijitanda kanga, akaja nami, akavuta kiti pembeni yangu. Kila ujumbe ulipotokea aliuliza, "Huyu nani? Kwetu kapiga hodi?" Kama hakuna aliyemjua, tuliufunga. Kisha nikamwonyesha picha ya moyo wa binadamu. Akainama, akashangaa.

"Kumbe nao una milango!"

"Ndiyo bibi, damu haiingii ovyo."

"Basi moyo una akili kukushinda wewe," akasema, tukacheka mpaka mwenye duka akatugeukia.

Mwanangu, usiogope intaneti. Mie baolojia nilifaulia pale. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumba yenu, shule yako, saa unazobaki peke yako, usimtajie mtu ambaye wazazi wako hawajamwona uso. Anayekwambia "usimwambie mtu", huyo hasa ndiye wa kutuambia habari zake sisi wakubwa, hata kama umeshamjibu. Hatutakupiga. Nawe mzazi unayenisikiliza, usimkabidhi mtoto kwa mashine ukaenda zako. Vuta kiti, uliza, shangaa naye.

Mungu akufungulie milango yote ya elimu, mwanangu, na ule wa shari aufunge kabla hujaugusa.