Mfuko wa Dawa Niliompelekea Daktari Mpya

Aibu hii nimeificha miaka mingi, lakini kwa vile Kamene anaisimulia kila mahali akinipaka matope, afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Ilikuwa kabla simu za mkono hazijafika Katangi. Nilikuwa na mguu mmoja kaburini, na aliyenichimbia ni Mutuku wa duka la dawa pale sokoni, alinidunga sindano za malaria wiki tatu na malaria sikuwa nayo. Kichwa kinagonga, moyo unakimbia, mchana naona nyota. Nilitaka kitu kimoja tu, kujua ni nini kinanila. Nikasikia Machakos mjini kuna daktari mpya, mwanamke, anauliza maswali mpaka unachoka, na ukienda mara ya kwanza lazima ubebe dawa zote unazotumia.

Zangu zilikuwa pakiti mbili. Kamene, mke wa ndugu yangu Mutinda, akaziangalia akacheka. "Wewe Mwikali, na hizi tu? Ataona umekuja kutembea. Ongeza zangu za kichwa, ziko kwa kopo juu ya kabati." (Ushauri ni wake, hata leo nasema.) Kwenye kopo, chini ya zile za kichwa, nikakuta pakiti nzuri, vidonge vidogo vimepangwa mistari kama shamba la mtu mwenye bidii, na kwa vile shule niliachia darasa la pili, nikatia kwa mfuko. Nikaongeza na dawa ya minyoo ya mbuzi.

Mutinda alinisindikiza. Daktari alitengwa na benchi ya wagonjwa kwa pazia tu, na hapo Mutinda aliketi karibu na Mama Ndunge wa kanisa letu.

Daktari akanipima presha, akatingisha kichwa, akamwaga mfuko mezani.

"Mama, hii si ya mbuzi?"

"Ndiyo, daktari."

"Umekunywa?"

"Kidogo." (Uongo, lakini nilikuwa nishaanza.)

Akaandika. Akainua ile pakiti nzuri. "Na hizi za kupanga uzazi umetumia tangu lini?"

Mimi, mjane wa miaka saba! Nikamsikia Mama Ndunge, "Ai! Yesu wangu."

"Niambie ukweli, mama," daktari akasema. "Presha yako iko juu sana. Nikikosea dawa, unaweza kufa."

Nikaogopa kufa kuliko aibu, nikapiga kelele, "Si zangu! Ni za Kamene, mke wa Mutinda!"

Ndipo nikakumbuka ni nani yuko nyuma ya pazia. Mutinda, miaka minne anaombewa apate mtoto, na Kamene amepiga magoti kando yake.

Pazia likafunguka polepole. "Mwikali," akasema, "hebu nione."

Nikaichukua mkononi mwa daktari, nikampa. Akaigeuza, akapitisha kidole juu ya vishimo vitupu vya vidonge vilivyokwisha kumezwa, kimoja kimoja, akatoka nje na kofia yake ikabaki kwa benchi.

Presha nilitibiwa na niko hai. Kamene alirudi kwao Kithimani mwezi mzima, kisha wakapatana wenyewe, lakini mimi hawanisalimii. Watu husema kosa ni langu. Mimi nasema ni la Kamene, mara mbili, la ushauri na la siri. Lakini tangu siku hiyo, daktari nisiyemjua nampelekea tu kile kilichopita mdomo wangu mwenyewe, na akiniuliza kitu, najibu kwa sauti ya chini.