Barua Niliyomtetea Nayo Binti Yangu

Binti yangu alirudi kutoka shule na sifuri ya insha. Alikuwa kidato cha pili, na Kiswahili ndilo somo lake. Chini ya ukurasa mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Hii imeandikwa na akili mnemba. Mzazi afike."

Insha ilihusu jirani. Sentensi iliyomponza ilikuwa imezungushiwa duara: "Jirani yetu ana kisima cha maneno, ukikichota asubuhi, jioni utakikuta kimejaa."

Nilijua ilikotoka. Mama mkwe wangu, mtu wa Lindi, anaishi nasi Chamazi tangu binti huyu akiwa na miaka miwili, na ndivyo anavyoongea. Akitaka chumvi mezani husema, "Baba, mchuzi huu umekuja bila mwenzake."

Nikapandwa na hasira ya mzazi aliyeonewa. Haijanipata mara nyingi, kwa hiyo niliifurahia kidogo. Nikamwambia binti yangu nitaandika barua, wasome wenyewe.

Mimi ni karani wa ghala huko Mikocheni. Kuandika kwangu ni kujaza fomu za mzigo ulioingia na uliotoka. Niliandika "Mwalimu, salaam," nikakaa hapo dakika ishirini. Mwishowe nikachukua simu, nikaiambia hiyo hiyo akili mnemba iniandikie barua kali lakini ya heshima, ya baba anayemjali mtoto wake. Ikamaliza kabla sijaweka simu mezani. Nilisoma aya ya kwanza nikajiona msomi. Nyingine nilizipitisha macho tu. Nikaichapisha, nikaweka sahihi, binti akaipeleka.

Siku ya kuitwa, mke wangu alikuwa kazini. Mama mkwe akasema yeye anakwenda, maana maneno yanayoshtakiwa ni yake. Tukaenda watatu, pamoja na binti.

Mwalimu alikuwa dada kijana wa bara, mpole, ana kompyuta mbele yake. Akainuka, akainama kwa heshima. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kazi yako nzito. Unawakata kiu watoto wa watu, na wewe mwenyewe midomo imekukauka."

Mwalimu alibaki ameinama vile vile. Kisha akaketi, akayaandika maneno hayo kwenye programu aliyoikagulia insha. Tukasubiri. Kioo kikawa chekundu.

"Bibi," akasema taratibu, "hii inasema wewe ni mashine."

"Mashine ya nini?"

"Ya kuandika."

"Mie kuandika sijui, mwanangu. Nasoma msahafu tu."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akafuta ile sifuri, akaandika alama mpya, kisha akamgeukia binti yangu. "Nisamehe. Nilipaswa kukuuliza kwanza kabla ya kuiuliza hii." Kesho yake aliyarudia hayo mbele ya darasa zima, jambo ambalo sijui kama mimi ningeliweza.

Nilikuwa nimeshainuka, kifua mbele, aliposema, "Mzazi, kuna hii barua yako."

Akasoma kwa sauti. "'Kila jioni huketi na binti yangu kupitia kazi zake za shule, kama nilivyoeleza katika kikao kilichopita cha wazazi.'" Akaniangalia. "Kikao kilichopita hukuja. Wala kile cha kabla yake."

Nikarudi kwenye kiti.

"Jioni zipi hizo?" mama mkwe akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu, maana jioni zote yupo nyumbani na mie ananiona nikipita kwenda kutazama mpira.

"Barua iliandikwa na nani?" mwalimu akauliza.

Nilifikiria majibu kadhaa. Mkwe wangu ananitazama, mtoto anatazama sakafu. "Simu," nikasema.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Tulipokaribia nyumbani binti yangu akasema, "Baba, ungeniambia ningekuandikia."

"Nilikuwa nakutetea."

"Najua. Insha yangu uliisoma?"

Nilikuwa nimesoma sentensi moja, ile yenye duara.

Jioni hiyo kulikuwa na mechi, kelele za uwanjani zinafika mpaka barazani. Nikaketi nayo insha, kurasa mbili na nusu. Jirani alikuwa yule mama mjane wa nyumba ya bluu. Katikati niliikuta hii: "Baba yangu humsalimia huku anatembea, kwa hiyo jirani hujibu kisogo chake." Niliirudia mara tatu.

Nikaandika barua nyingine kwa mkono. "Mwalimu, ile barua sikuiandika mimi, na yaliyomo mengine si kweli. Nisamehe. Kikao kijacho nitakuja." Binti akaikagua, akaongeza mkato mmoja, akasema inatosha.

Kikao kikafika, nikaenda, nikakaa mbele. Ajenda ya kwanza ilikuwa kuchagua katibu wa kamati ya wazazi. Mkuu wa shule akasimama, akasema amewahi kuona barua kali ya mzazi mmoja hapa, Kiswahili kimenyooka ajabu, na akaninyooshea kidole. Nilimtafuta mwalimu kwa macho. Alikuwa anaangalia dirishani, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Nikainuka, nikaeleza ukweli wote: simu, uongo, na vikao ambavyo sikuja. Wazazi wakacheka, wakasema mtu mnyenyekevu kama huyu ndiye anayefaa, wakanipigia makofi.

Basi mimi ndiye katibu mpaka leo. Mihtasari naandika kwa mkono, taratibu, na mwenyekiti hulazimika kunisubiri kila mtu akimaliza kuongea. Vikao vyetu sasa vinachukua saa nne. Wazazi wananilalamikia, lakini hakuna aliyejitolea kunipokea kalamu.