Usukani wa Baba Mkwe

Gereji yake ina mlango mmoja wa bati, imebanwa kati ya kinyozi na muuza vioo. Kazi yake ni umeme wa magari, hasa zile taa za dashibodi ambazo wenye magari huzibandika plasta na kuendelea na maisha. Watu wanamwita Mama Taa. Hana mtoto anayeitwa Taa.

Kwenye ndoa aliingia na sanduku la spana, akakuta ukoo unaopenda vikao. Kaka mkubwa wa mumewe anaitwa Mwenyekiti na kila mtu, hata mama yake mzazi. Ameshaitisha kikao cha bomba linalovuja, kikao cha nani kamaliza sukari, na vikao vya kupanga kikao.

Safari hii ajenda ilikuwa baba yao. Gari la mzee liliwasha taa ya njano, kale kapicha ka gari kanakoacha alama za nyoka nyuma. Ni taa ya mfumo unaozuia magurudumu kuteleza. Kikao kikaona ni dalili kwamba mzee amechoka kuendesha. Mwenyekiti akatia funguo mfukoni kwa ajili ya usalama, na gari, kwa usalama uleule, lingehamia kwake. Mzee, aliyeendesha malori mpaka akastaafu, aliambulia jambo moja tu: gari likapimwe kwa mkwewe. Kosa likiwa la gari, funguo zinarudi. Likiwa lake, atafute viatu vizuri vya kutembelea.

Mwenyekiti alilileta mwenyewe, mzee kiti cha abiria, mikono magotini kama mgonjwa anayesubiri sindano. Akaacha funguo, akaingia kwa kinyozi.

Mama Taa akaunganisha mashine yake ya kupimia, akazunguka mtaa mara moja. Gari lilikwenda moja kwa moja na usukani umenyooka vizuri. Lakini kifaa kilicho nyuma ya usukani, kinachopima unavyokatwa, kiliapa kwamba dereva anakata kushoto. Magurudumu yakaapa kwamba hakuna kona yoyote. Kompyuta, ilipokosa wa kumwamini, ikaufunga mfumo na kuwasha taa. Busara ya namna hiyo haijawahi kuonekana katika kikao chochote cha ukoo ule.

Akachunguza katikati ya usukani. Kulikuwa na mikwaruzo mipya ya bisibisi.

"Baba, usukani huu umefunguliwa."

"Na fundi."

"Fundi gani?"

Mzee akaitazama kalenda ya matairi ukutani. "Fundi mmoja hivi. Mtu mzima."

"Anafanana na wewe?"

"Watu husema."

"Baba, humo ndani kuna mfuko wa hewa. Ungelipuka, ungekula uji mpaka kesho kutwa ya milele."

"Nilichomoa betri kwanza. Mimi si kichaa." Akashusha sauti. "Ulikuwa umepinda, mwanangu. Naenda mbele, wenyewe unatazama kushoto. Nikaung'oa, nikausogeza jino moja kwenye mhimili wake, ukanyooka."

"Kwa nini hukuniletea?"

"Ungeniuliza umepindaje."

"Haya, umepindaje?"

Mzee akarudi kwenye kalenda. Mama Taa hakumsumbua, akapiga jeki. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limebonyea rimu, na tairodi, ule mkono unaovuta gurudumu unapokata kona, ulikuwa umepinda.

"Nani kagonga?"

"Jumapili aliliazima huyo anayenyolewa," mzee akasema. "Likarudi limeoshwa. Yule hajawahi kuosha hata kikombe. Ningesema, angeitisha kikao cha uchunguzi, na mwenyekiti angekuwa nani?"

Mwenyekiti akaingia, kidevu kinang'aa. "Enhe, shemeji. Majibu?"

"Majibu yako chini. Lala hapo uone."

Akatandikiwa boksi lililopasuliwa, akajiingiza uvunguni na shati lake jeupe.

"Huu mpindo wa zamani," akasema kutoka huko.

"Wa zamani una kutu, shemeji. Huo unang'aa kama kidevu chako."

Miguu yake tu ilionekana, soksi mbili zisizo ndugu.

"Lilikuwa jiwe," sauti ikatoka chini. "Tena kulikuwa na giza."

"Ulilirudisha kabla ya chakula cha mchana," mzee akasema.

Mzee alianza kutabasamu, mkwewe akamkatiza. "Na wewe baba umeficha ugonjwa kwa kuunyoosha. Siku ya mvua gari lingeteleza na mfumo umelala. Ukigusa tena usukani na spana, funguo nampa huyu mimi mwenyewe."

"Sawa, mama," mzee akasema, kwa unyonge ambao wanawe hawajawahi kuusikia.

Wakanunua tairodi mpya, rimu ikanyooshwa, usukani ukarudishwa kwenye jino lake, na magurudumu yakapangwa upya kwa jirani mwenye mashine ya alaimenti. Mwisho Mama Taa akakifundisha kile kifaa, kupitia mashine yake, kwamba hapa ndipo penye kunyooka.

Mwenyekiti alikuwa anajifuta mgongo, funguo ameshazichomoa. "Kabla hatujaondoka, tukae kidogo tujadili..."

"Utajadili kiti cha nyuma," mzee akasema. Alikuwa ameshakaa nyuma ya usukani, mkono umenyooshwa nje ya dirisha, kiganja wazi.

Mwenyekiti akamtazama shemeji yake. Shemeji yake alikuwa anakunja waya. Akaziweka funguo kiganjani.

Mzee akawasha. Taa zote za dashibodi zikawaka pamoja, ile ya njano ikiwemo.

"Si nilisema," Mwenyekiti akaanza.

Zikazima zote.

"Funga mkanda," akasema baba yake.