Muhogo Uliopigwa Picha kwa Mkono

Bosi wangu alikwenda Nairobi kwenye warsha ya siku tatu akarudi Busia na neno moja: uhalisia. Chai ya ofisini ikawa haina uhalisia. Kiti changu pia. Hatimaye akaigeukia kazi niliyoihangaikia miezi mitatu, katuni ya kompyuta kuhusu ugonjwa unaoozesha mizizi ya mihogo huku majani yakionekana mazima. Mhusika mkuu alikuwa muhogo wenye macho, miguu na sauti ya mchungaji.

Akaitazama, akasema picha imetulia mno. Watu wa siku hizi, alinieleza, hawaamini kitu kisichotikisika. Alitaka ionekane kama kuna mtu aliyeshika kamera mkononi na kuufuata muhogo shambani. Nikamkumbusha kwamba muhogo wenyewe unaongea. Akasema hilo si tatizo, tatizo ni kamera.

Katika programu tunayotumia kuna kitufe cha kutikisa picha. Nikakibonyeza, nikaenda kula. Wiki iliyofuata mama mmoja wa shirika lililotuagiza kazi alikuja kuiangalia. Alivumilia dakika mbili, akashika paji la uso, akauliza kwa upole kama mpiga picha alikuwa amesimama juu ya mashine ya kusaga unga. Bosi akanigeukia kana kwamba ananiona kwa mara ya kwanza, akasema amekuwa akiniambia hivyohivyo siku zote.

Hapo nikamkumbuka mpiga video wa Tororo aliyerekodi harusi ya dada yangu, mama wa makamo asiyecheka ovyo. Nikamfuata nyumbani kwake, nikamweleza kwamba nataka kujifunza jinsi mkono wa mtu halisi unavyotikisa kamera.

"Mwanangu, mimi miaka yote hii napigana na huu mkono usitingishike," akasema. "Sasa wewe natoka Busia kuja kuchukua ile makosa?"

Nikaomba radhi, maana alikuwa na haki ya kukasirika. Baadaye alikubali, kwa sharti kwamba Jumamosi nimbebee mabegi kwenye harusi Kisoko. Nilibeba. Juu ya kamera yake nikafunga simu yangu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, simu ikawa inarekodi kila mwendo wa mkono wake. Wageni walidhani ni kifaa kipya kutoka ng'ambo. Shemeji mmoja wa bwana harusi akawa anakipungia mkono.

Nilichokiona siku ile hakikufanana na kitufe changu hata kidogo. Kamera yake ilikuwa inachelewa. Mtu akigeuka, yeye alimfuata baada ya kitambo kidogo, akampita kidogo, kisha akarudi. Akiwa amesimama, picha ilipanda na kushuka polepole kwa pumzi zake. Mguu ukichoka, picha ililalia upande mmoja. Hakukuwa na mtetemeko. Kulikuwa na mwanamke mzito wa umbo, mwenye viatu vibaya, anayejitahidi.

Kisha baba wa bibi harusi akainuka kutoa hotuba. Alifungua karatasi, akaikunja tena, akabaki amesimama huku machozi yakimshuka mbele ya watu wote. Niliporudi ofisini na kuutazama mchoro wa mwendo kwenye kompyuta, mahali pale mstari ulinyooka kabisa. Nikadhani simu ilizimika. Nikampigia yule mpiga video kumuuliza.

"Mzee akianza kulia, mimi naacha kupumua," akasema. "Nikipumua, namkosa."

Nikauvika muhogo wangu mkono wa yule mama. Muhogo ulipokwenda, kamera ilichelewa. Uliposimama, kamera ilipumua. Na pale muhogo unapojipasua na kuonyesha kuoza kwake, nikaweka dakika ile ya baba wa bibi harusi, tulii. Nilijicheka mwenyewe: kiazi nimekivisha chozi la mzazi wa watu. Lakini mama wa shirika alipoiona alitulia hadi mwisho, akauliza tumefanyaje. Bosi akamweleza kwa kirefu kuhusu mbinu aliyoileta kutoka Nairobi.

Tuliionyesha kijijini Buteba, kwenye ukuta wa darasa lililofungwa mapazia. Wakulima walielewa ugonjwa vizuri kuliko sisi. Mzee mmoja alikuwa na swali moja tu: kwa nini mpiga picha hakupewa kitu cha kusimamishia kamera, kwani shirika ni maskini? Bosi akasimama kumfafanulia uhalisia. Mzee alimsikiliza kwa adabu, kisha akarudia swali lake.

Jina la yule mpiga video nilikuwa nimeliandika mwishoni mwa filamu. Bosi alilifuta, eti mama huyo hakugusa kompyuta, na mimi, niseme ukweli, nilinung'unika tu jikoni. Nikampigia kumwambia kabla hajasikia kwa wengine. Hakuonyesha kujali. Alitaka kujua kama muhogo ulipona. Nikamwambia hapana, uling'olewa ukachomwa moto, kama mabwana shamba wanavyoagiza. Akasema pole, halafu akaniaga. Alikuwa na sherehe ya utambulisho wa wachumba ya kurekodi Malaba na gari lilikuwa linamsubiri.